Tuhesabu nyumba, tuache kuimba megawati

Wandugu wa Kalemie, wakaaji wa Katanika na wa mitaa yote ya pembeni,

Katiba ya inchi yetu, ile ya tarehe 18 Februari 2006, iko na kifungu kimoja ambacho vijana wengi hawajawahi kusikia kikisomwa kwenye mkutano. Ni kifungu cha 48. Kinahakikisha haki ya nyumba ya kuishi kwa heshima, haki ya kupata maji ya kunywa, na haki ya kupata umeme. Umeme umeandikwa pale pale pamoja na maji. Haikuandikwa kwamba ni haki ya watu wa Kinshasa, ao ya wenye migodi ya Kolwezi, ao ya yule ambaye nyumba yake imeangalia barabara kubwa. Imeandikwa kwa kila mtu, na mama mwenye kuuza mihogo Katanika ni mtu.

Tunaanza na Katiba kwa makusudi. Kila mara tunapouliza juu ya umeme, wakubwa wanatujibu kwa namba. Wanasema mito ya Kongo inaweza kutoa megawati 100,000. Wanasema Inga peke yake inaweza kutoa zaidi ya 40,000. Tunapigiwa makofi ya utajiri, kisha tunarudi nyumbani na tochi ya simu mkononi.

Namba hizo si za uongo. Mto Kongo una maji mengi na hayakauki, kwa sababu unapokea mvua ya pande mbili za ikweta: upande mmoja ukiwa kwenye kiangazi, mwingine unanyeshewa. Mito michache duniani ina bahati hiyo. Lakini katika megawati hizo 100,000, mashine zilizokwisha kufungwa inchi nzima ni kama 3,000 tu, na nyingine zinalala zikingoja kutengenezwa. Kati ya Wakongomani watano, ni mmoja tu mwenye umeme nyumbani. Ukichukua umeme wote unaotumiwa kwa mwaka ukaugawa kwa vichwa vya watu, kila mmoja anapata kilowati-saa 100 hivi. Hiyo ni taa chache na simu, basi. Na hata hiyo ni hesabu ya kugawa kwenye karatasi, maana sehemu kubwa inakwenda kwenye migodi ya shaba na kobalti, na wanne kati ya watano hawapati hata ya taa.

Kuna waya moja ambao tungependa kila kijana wa inchi hii aujue. Unatoka Inga, karibu na bahari, unakwenda mpaka Kolwezi, kilomita 1,700 hivi. Ulianza kazi mwaka 1982, wakati wa Mobutu, ili kupeleka umeme kwenye migodi ya Katanga. Umeme wake ni wa aina ya kwenda moja kwa moja, unaofaa kusafiri mbali bila kupotea sana njiani, lakini huwezi kuuchovya katikati bila kujenga kituo kikubwa cha bei kali. Basi umepita juu ya vijiji na vijiji. Watoto wamezaliwa chini yake, wamekuwa wazee chini yake, na usiku wanawasha kibatari. Hakuna mtu aliyesahau vijiji vile kwa bahati mbaya. Waya ulichorwa hivyo tangu mwanzo. Aliyeuchora aliulizwa: megawati ngapi zifike wapi? Hakuulizwa: nyumba ngapi?

Na sisi huku Tanganyika tuna Inga yetu ndogo. Inaitwa Bendera.

Kituo cha Bendera, kwenye mto Kiymbi, kilijengwa na Wabeleji mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Kalemie ilikuwa bado inaitwa Albertville. Kiko kaskazini yetu, zaidi ya kilomita 100, na umeme wake unatufikia kwa waya mrefu unaopita milima na pori, mahali ambapo miaka mingi bunduki hazikunyamaza. Kina mashine mbili, jumla megawati 17 hivi. Wakati ule zilihesabiwa kwa mji mdogo na viwanda vyake. Wazee wetu wanakumbuka kiwanda cha nguo cha Filtisaf, ambacho leo hakitoi hata kitambaa cha kufutia jasho. Kiwanda kilikufa, mji ukakua mara nyingi, mwaka 2015 ukafanywa makao makuu ya jimbo, na mashine za Bendera zimebaki mbili. Mipango ya kuziongeza imezeeka ndani ya mafaili.

Sasa Katanika. Wale wanaotusoma kutoka Lubumbashi, Goma ao Bujumbura labda walisikia jina hili kwa mara ya kwanza mwaka 2017, wakati wa mapigano kati ya vikundi vya Watwa na vya Waluba. Maelfu ya familia zilikimbilia Kalemie zikiwa na mikeka na sufuria, na Katanika ikawa mojawapo ya kambi kubwa za wakimbizi wa ndani. Mashirika yalikuja na mahema, na magari yenye antena ndefu. Baadaye mashirika yakapunguza, watu wengine wakarudi vijijini, wengine wakabaki, wakajenga kwa matofali ya udongo, wakazaa. Kambi ikawa mtaa. Lakini mtaa uliozaliwa namna hiyo haukuwa kwenye ramani ya mtu yeyote wa umeme. Sehemu kubwa yake usiku ni giza tupu, na watu wamezoea kusema: «Kuran iko ya wakubwa.»

Sisi tunakataa sentensi hiyo. Tuelezane namna mambo yanavyotembea, ili asituchezee mtu.

Umeme unaotoka Bendera una nguvu kubwa mno kuingia nyumbani. Lazima ushushwe kwenye transfo mpaka volti 220, ndipo utembee kwenye nguzo, ushuke kwa waya mpaka kwenye kompteri. Kwa hiyo mtaa unaweza kuwa karibu na waya mkubwa na ukakosa umeme kabisa, kwa sababu transfo hakuna. Na mahali ilipo, ikiwa ilipimwa kwa nyumba 100 na leo zinaning'inia nyumba 400, taa zinakuwa nyekundu kama kaa la moto, friji inakufa, na siku moja transfo yenyewe inaungua. Hapo mtaa mzima unachanga pesa, mzee wa mtaa anazunguka na daftari, na haki iliyoandikwa kwenye Katiba inakuwa mchango wa kila nyumba. Wengine wanavuta waya kwa kujificha na kuutundika kwenye miti iliyokatwa porini. Mvua ikinyesha, mtoto akipita na miguu mitupu, inakuwa kilio. Tusiwatukane hao wanaovuta. Tuulize kwanza ni kwa nini njia ya halali ni ngumu kuliko njia ya kifo.

Sasa hesabu, na kila mmoja anaweza kuifanya kwenye simu yake. Nyumba ya Katanika yenye taa nne za LED za wati 5, simu mbili za kuchajisha na redio ndogo inahitaji wati 50 hivi. Megawati moja ni wati milioni moja. Gawanya. Megawati moja inawasha nyumba 20,000 za namna hiyo kwa wakati mmoja! Hata tukitoa unaopotea njiani, hata tukiongeza televisheni kwa wenye nayo, bado ni nyumba nyingi sana. Kwa hiyo mtu asije kutuambia kwamba Katanika inangoja Inga III. Katanika haihitaji hata kipande kidogo cha Inga. Inahitaji transfo, nguzo, waya, kompteri, na mtu mwenye kujibu simu vikiharibika.

Lakini tuwe wakweli pia. Hesabu hiyo ni ya taa. Resho moja ya umeme inakula wati 1,000 ao zaidi, sawa na nyumba 20 za taa. Ndiyo maana hata wenye umeme Kalemie wanapika kwa makala, na mbabula haitatoka kwenye uwanja wa nyumba zetu mwaka huu wala ujao. Zaidi ya asilimia 90 ya nishati inayotumiwa inchini inatoka kwenye kuni na makala. Inchi ya megawati 100,000 inapika kwa kukata miti! Kila gunia linaloshuka kwa baiskeli kutoka pori ni mlima unaobaki uchi, na mvua zikija udongo wote unashukia mjini. Jambo la kupika linahitaji umeme mwingi, ao gesi, ao mbabula bora, na tutaliandikia siku yake. Hapa tunadai lile la rahisi, lile ambalo kulikosa hakuna sababu.

Na kama kuna mtu anafikiri watu wa Katanika hawawezi umeme wa kisasa, ashuke ziwani usiku usio na mwezi. Wavuvi wa ndakala zamani waliwasha taa kubwa za petroli kuita samaki. Leo mitumbwi mingi inatumia taa za LED na bateri, na wengine wanachajisha bateri kwa pano za jua mchana. Hakuna waziri aliyekuja kuwafundisha. Hakuna semina kwenye hoteli. Walipiga hesabu ya bei ya petroli, wakaona bateri inawafaa, wakabadilisha. Kisha asubuhi samaki waliovuliwa kwa taa ya kisasa wanaanikwa kwenye mchanga kama wakati wa mababu, kwa sababu barafu hakuna. Mvua ikianguka siku mbili mfululizo, mali inaoza mbele ya mama mwenye deni. Chumba kimoja cha baridi karibu na mwalo kingebadilisha bei ya ndakala kuliko hotuba zote za «kukuza ujasiriamali wa vijana».

Kituo cha afya nacho kinahitaji friji ya chanjo kati ya digrii 2 na 8, mchana na usiku. Digrii hizo hazisubiri mtu apate mazuti. Na mama anayejifungua saa nane za usiku hapaswi kuzaa kwa mwanga wa simu ya muuguzi.

Basi umeme utoke wapi, kama Bendera haitoshi na waya wake ni mrefu na wa wasiwasi? Hapa ndipo tunapotaka vijana wasome sheria, maana imeandikwa kwa ajili yetu na inalala. Tangu mwaka 1970 SNEL ndiyo ilikuwa mwenye umeme wa inchi. Sheria nambari 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango: kampuni nyingine, vyama vya ushirika, majimbo, wote wanaweza kuingia. Baadaye zikaundwa ARE, ya kusimamia bei na kanuni, na ANSER, ambayo kazi yake ni umeme wa vijijini na wa pembeni ya miji. Soma tena: pembeni ya miji. Hiyo ni Katanika, neno kwa neno.

Na jua tunalo. Kwenye mwambao wetu linashusha kama kilowati-saa tano kwa kila mita mraba kwa siku. Goma walilitumia: mwaka 2020 kampuni ya Nuru iliwasha pale Ndosho kituo cha jua cha megawati 1.3, chenye bateri na mashine ya mazuti ya kusaidia. Upande wa Rutshuru, mto wa Matebe unatoa megawati 13 tangu 2015 chini ya mbuga ya Virunga. Goma haikuwa na amani kuliko sisi. Ilikuwa na watu walioandika maombi, wakatafuta pesa, wakapewa ruhusa. Ni kweli umeme wa namna hiyo si wa bure, na mama wa mihogo hawezi kulipa sawa na mwenye hoteli. Ndiyo maana hatutaki tu kampuni ije na pano zake. Tunataka bei ijadiliwe mbele ya wakaaji kabla nguzo ya kwanza haijachimbiwa, na ARE iwepo.

Katika jimbo letu kuna pia Manono, na hapo moyo unauma. Miaka ya 1930, kwa ajili ya bati, Wabeleji walijenga kituo cha Mpiana-Mwanga kwenye mto Luvua. Vita ya mwisho wa miaka ya 1990 ikakimaliza. Mji uliokuwa na umeme kabla ya miji mingi ya Afrika ukarudi kwenye kibatari, mpaka kilipokuja kituo kidogo cha jua cha megawati 1. Sasa chini ya Manono kuna litiamu, mojawapo ya akiba kubwa duniani, madini yenyewe ya kutengeneza bateri, na kampuni zinavutana mahakamani juu ya nani ataichimba. Mipango ya kufufua Mpiana-Mwanga inatajwa kila mara pamoja na mgodi. Tunasema mapema, wino haujakauka: umeme wa Luvua usije ukapita juu ya paa za watu kama ule wa Inga. Kodi ya Migodi ya mwaka 2018 inalazimisha kampuni kuandikiana na wakaaji mkataba wa kazi za maendeleo na kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa jumuiya. Nyumba za Manono zitakazowashwa ziandikwe pale kwa idadi. Neno «kuboresha maisha» halitoshi, halina kompteri.

Wengine watatuambia tuangalie ng'ambo ya ziwa. Sawa, tuangalie. Tanzania imemaliza bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, na serikali yake inasema vijiji vyote 12,318 vimefikishiwa umeme. Ni kazi kubwa, tunawapongeza majirani. Lakini hata wao wanajua kwamba kijiji kufikiwa na nyumba kuwaka ni mambo mawili. Nguzo inaweza kusimama mbele ya shule na nyumba 50 za nyuma zikabaki gizani. Wao sasa wanahangaika na «vitongoji», yaani kipande baada ya kipande, nyumba baada ya nyumba. Sisi tuanze na hesabu hiyo moja kwa moja, tusingoje kupitia makosa ya kuhesabu vijiji.

Kwani namba mpya zinakuja. Januari 2025, pale Dar es Salaam, Kongo ilikuwa kati ya inchi 12 zilizoweka mezani ahadi zao mbele ya Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Yetu ni kutoka mtu mmoja kwa watano mpaka zaidi ya asilimia 60 ya wakaaji ifikapo 2030. Juni ya mwaka ule ule Benki ya Dunia ikakubali dola milioni 250 za kuanzia kwa ajili ya Inga III. Pesa itatembea. Swali letu ni moja: katika asilimia hizo, Tanganyika ni nyumba ngapi, na Katanika ni ngapi? Kama hakuna mtu anayeweza kujibu leo, basi mwaka 2030 watatuletea asilimia ya inchi nzima, na giza litakuwa limebaki mahali pale pale.

Kwa hiyo tunadai serikali ya jimbo na wenye kuendesha umeme wa Bendera watangaze hadharani, kila mwezi, megawati ngapi zimeingia Kalemie na zimekwenda wapi: viwandani, ofisini, mitaani. Saa za kukata zibandikwe kwenye ofisi za mitaa na kusomwa redioni, na mitaa ipokezane giza kwa haki, isiwe ile ile kila usiku. Tunadai orodha ya transfo zote za mji, iko wapi na inabeba nyumba ngapi. Tunadai ANSER ije Katanika na mhandisi, si na mpiga picha, na mradi wa jua wa mtaa utangazwe kwa wazi ili anayeweza kuujenga aombe. Wadeputé wa Tanganyika, wa Kinshasa na wa hapa, waulize maswali hayo kwa maandishi na watuonyeshe majibu waliyopewa.

Na sisi wenyewe hatutakaa kungoja. Kuanzia sasa tunahesabu. Kijana, chukua daftari, chukua avenii yako, usiende mbali. Andika nyumba ni ngapi. Andika ngapi zina kompteri, ngapi zimevuta kwa jirani, ngapi zinatumia pano, ngapi hazina kitu. Andika nguzo ya mwisho iko mbele ya nyumba gani. Andika transfo iko wapi na kama inaimba ao imenyamaza. Andika kituo cha afya, shule, mashine ya kusaga, kila mmoja anatumia nini usiku. Usiandike majina ya watu wala usipige picha za waya wa mtu, hatutafuti mtu wa kukamatwa. Ukimwona mzee wa mtaa, msalimie kwanza, mweleze kazi, mwombe aweke sahihi chini ya ukurasa.

Daftari za Katanika zitakusanywa kwanza. Tutajumlisha mbele ya watu wote, kwa sauti, kwa chaki kwenye ubao, na jumla hiyo ndiyo tutakayoipeleka kwenye ofisi ya jimbo na kuomba karatasi ya kupokelewa yenye mhuri na tarehe.